Thelathini Kasoro Moja

3 Machi

Mume wangu kanipa daftari hili asubuhi. Kaliweka karibu na kikombe changu, akasema hasira za kazini niziandike humu, nisizilete mezani. Eti mezani watu wanakula. Nikamwambia sina hasira. Akakitazama kijiko nilichokuwa nimekipinda bila kujua, akachukua mwavuli, akaenda zake shuleni kufundisha.

Haya, tuandike. Mvua zimeanza. Paa la maabara linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo ni ileile. Mimi ni mtaalamu katika maabara ya taifa. Hospitali kumi na mbili, tunaziita vituo, hutuletea vijidudu vilivyokutwa kwenye damu, mkojo na vidonda vya wagonjwa. Mimi navipandikiza upya kwenye sahani, napanga juu yake karatasi ndogo za duara zilizolowekwa dawa, kesho yake napima kwa rula. Karatasi ikizungukwa na uwazi mpana, dawa inaua. Vijidudu vikiota mpaka ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo ni maji tu. Matokeo yanaingia kwenye kompyuta, na nchi inaambiwa dawa gani bado zinafanya kazi na zipi zimeshachoka. Ukiiandika hivi inaonekana kazi nyepesi.

4 Machi

Ndoo imejaa. Wamepita watu tisa, hakuna aliyeimwaga. Nimeimwaga mimi.

7 Machi

Mama mkwe anaishi kwetu tangu mwaka juzi. Leo nimemkuta mlangoni akimgawia jirani vidonge vinne vya antibiotiki, vile vilivyobaki baada ya yeye mwenyewe kuugua jino na kuacha dozi katikati. Jirani ana mafua. Nikasubiri aondoke, nikamkalisha mama, nikamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba dozi ya nusunusu haiui vijidudu vyote, vinavyobaki ni vile vigumu, navyo vinazaliana, mwisho dawa inakuwa haina kazi tena. Nusu saa nzima nimeongea. Alinisikiliza mikono mapajani.

"Kumbe hivyo vijidudu vinasoma kuliko wajukuu zangu," akasema.

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuona la kuchekesha.

11 Machi

Leo nimekaa na takwimu za Kituo cha Saba. Ni hospitali ya mbali, juu milimani, na ina wodi ya watoto wachanga. Tangu mwaka jana wametuletea vijidudu kutoka kwenye damu ya watoto ishirini na watano, wote wa chini ya mwezi mmoja. Kati ya hao, ishirini na wawili vijidudu vyao havishtuki hata kidogo kwa ile sindano ya kwanza, ambayo kila mtoto mchanga mwenye homa huchomwa kabla majibu ya maabara hayajatoka. Majibu huchukua siku tatu. Kwa mtoto wa siku nne, siku tatu ni nyingi mno.

Dawa ya akiba ipo. Imefungiwa stoo ya hospitali hiyohiyo, na haifunguliwi kwa kila mtoto mpaka waraka utoke kwetu kusema sindano ya kwanza pale haifai tena. Na waraka hautoki mpaka takwimu za kituo zifike wagonjwa thelathini. Chini ya thelathini tunasema bado ni bahati mbaya tu, si ushahidi.

Nimempelekea Mkuu wangu. Kasoma, kavua miwani, kasema ni jambo zito, nikifikisha thelathini atasaini siku hiyohiyo. Nikamwambia ishirini na wawili kati ya ishirini na watano hata mtoto wa shule anaona. Akasema mtoto wa shule hasaini nyaraka.

15 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara tatu, na kila ukikatika mimi nakaa pembeni ya jokofu la sampuli kama nauguza mtu.

19 Machi

Kifurushi cha Kituo cha Saba kimefika, fomu nne na vichupa vinne. Jamaa wa maabara ya kule namwita Kijani. Sijawahi kumwona sura. Anaandika kwa wino wa kijani, na mwandiko wake ni mdogo, unapandana mpaka pembeni mwa fomu, sijui anaogopa karatasi itaisha. Mara tatu nimemwambia atumie wino wa bluu kama binadamu wengine.

Kati ya fomu nne, mbili ni za mtoto mmoja. Watoto wachanga hawana majina bado, huandikwa "Mtoto wa" kisha jina la mama, na hapa mama ni yuleyule, tarehe ya kuzaliwa ni ileile, kijidudu ni kilekile. Kompyuta ikapiga kelele mara moja, na hiyo kanuni niliiingiza mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita: mgonjwa mmoja anahesabiwa mara moja tu, hata akitolewa damu mara kumi. Bila hivyo mgonjwa mmoja mkaidi anaweza kuipaka nchi nzima matope. Nikachukua muhuri mwekundu, nikaugonga kwa raha zangu zote: MARUDIO.

Ishirini na wanane. Bado wawili.

20 Machi

Nimempigia Kijani kumuuliza kama wanadhani huku tumelala. Ana sauti ya taratibu, ya mtu anayeongea huku akiogopa kumwamsha mwenzake. Akasema, dada, kwa hesabu yangu ni ishirini na tisa. Nikamwambia fomu moja ni marudio, na kwamba kabla ya kuleta sampuli akajifunze kwanza kuhesabu wagonjwa, si vichupa. Akasema sawa, dada, wewe ndiye unayejua.

Watu wa vituoni wangekuwa wote na adabu hiyo, na hesabu nayo, tungefika mbali.

26 Machi

Daraja la kwenda Kituo cha Saba limesombwa. Hilo limetangazwa redioni baada ya habari za mpira.

2 Aprili

Hakuna kitu. Nimepima sahani arobaini za vituo vingine. Shingo inauma.

9 Aprili

Sampuli moja ya Saba ilifika juzi, imepita njia ya kuzunguka, siku sita kwenye mabasi manne. Nikaipandikiza huku nimeshika roho mkononi, na jana ikawa imeota vizuri. Leo nimepima. Vijidudu vimejaa mpaka ukingoni, karatasi ya dawa imekaa katikati kama mgeni asiyekaribishwa.

Ishirini na tisa. Bado mmoja tu.

Jioni Kijani kanitumia ujumbe: "Thelathini zimetimia, dada. Hongera kwa kazi. Tunasubiri waraka." Nikamjibu kwa herufi kubwa: ISHIRINI NA TISA. Nikaongeza kwamba mtu akishaelezwa jambo mara moja inatosha. Hakujibu.

13 Aprili

Leo lazima niandike jambo ambalo sikulisema mezani wala popote.

Asubuhi nilifika kazini mapema kuliko mlinzi wa ofisi. Nikaenda moja kwa moja mapokezi kuangalia kama kuna kifurushi cha Saba. Hakuna. Hapohapo nikagundua ninachokitaka. Nilikuwa nataka mtoto mmoja zaidi augue. Si mtoto wa kufikirika, mtoto kabisa, mwenye mama aliyekaa kitandani amevaa kanga moja, homa impande, atolewe damu kwenye kamshipa kembamba kuliko uzi, na kijidudu kiwe kilekile, ili mimi nipate thelathini yangu. Mimi mwenyewe nimezaa watatu. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi kwa muda, nikashika tama.

Kisha nikaenda kwa Mkuu na maneno makali. Nikamwambia kanuni ya thelathini ililetwa ili tusidanganyike, haikuletwa ili tukae tunasubiri watoto wafe kwa hesabu kamili. Nikamwambia asaini na ishirini na tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikiri kwamba si mtu mbaya, ni mtu mwoga tu, na woga wake una sababu.

"Mwaka jana Kituo cha Nne walileta ishirini na saba," akasema. "Nani alisimama mbele ya watu wote akazitupa?"

Ni mimi. Nilisimama mbele ya meza ndefu nikasema taifa haliendeshwi kwa kukadiria. Nakumbuka walinipigia makofi.

14 Aprili

Ndoo. Mvua. Sahani thelathini na tano.

21 Aprili

Kifurushi cha Saba kilifika siku nne zilizopita. Kilikaa siku nane kwenye ofisi ya mabasi chini ya magunia, karatasi ya nje imelowa, ndani kichupa kimoja kimepasuka. Nimejaribu kuotesha mara mbili. Hakuna kilichoota. Vimekufa vyote.

Nimempigia meneja wa mabasi, akanipa msaidizi, msaidizi akanirudisha kwa meneja, wakanipiga danadana hivyo mpaka saa sita. Mwisho meneja akaniuliza mzigo ulikuwa na thamani gani. Nikakata simu.

25 Aprili

Mama mkwe kaniuliza kwa nini siku hizi silali vizuri. Nikamwambia nasubiri mzigo. Akasema basi kesho atakwenda kuuombea. Nikamwomba asiuombee huo. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

30 Aprili

Hakuna kitu.

1 Mei

Hakuna kitu.

6 Mei

Nimempigia Kijani, sikuweza kuvumilia tena. Nikamuuliza kwa nini kimya, watoto wa huko wameacha kuugua? Akasema hawajaacha. Chupa za kuoteshea damu zimekwisha tangu tarehe ishirini na mbili Aprili. Aliandika barua ya kuomba nyingine, barua imerudishwa kwa sababu haikuwa na muhuri wa mganga mfawidhi, na mganga mfawidhi yuko ng'ambo ya daraja lililosombwa. Kwa hiyo watoto wanaugua, wanachomwa sindano ya kwanza, na hakuna anayejua wana kijidudu gani.

Nilimfokea. Nilimwambia wiki mbili ameshindwa kunyanyua simu. Nilimwambia kwa sababu yake watoto wanachomwa maji. Nilisema "kwa sababu yako" kabisa, nakumbuka. Akasema, "Pole, dada." Mimi ndiye niliyefoka, na yeye ndiye aliyenipa pole.

Baada ya kukata simu nimetoa chupa ishirini kwenye stoo yetu bila kibali, nikazifunga kwa magazeti, nikampa dereva wa lori la saruji linalopanda milimani. Mkuu akijua atanitoa roho. Ajue.

12 Mei

Lori limekwama njiani. Dereva kasema chupa zipo salama, amezilaza kitandani kwake. Huyu ndiye mtu wa kwanza mwenye akili niliyekutana naye msimu huu.

17 Mei

Leo niandike yote, moja baada ya jingine, kama yalivyokwenda.

Saa nne hivi mapokezi walinipigia kwamba nina mgeni. Nikamkuta mwanaume mwembamba wa makamo, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, matope mpaka kwenye kope. Kifuani alikuwa amekumbatia mfuko wa nailoni. Kabla hajafungua mdomo niliona kalamu mfukoni mwa shati lake, wino wa kijani umevujia kwenye kitambaa. Akasema shikamoo. Nadhani tuko umri mmoja, ila nimeitikia tu.

Amesafiri siku tatu, sehemu nyingine kwa miguu. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga ndiye aliyemtuma. Alimwambia shuka wewe mwenyewe, ukawaulize wanangoja nini, usirudi bila jibu. Akasema chupa hazijafika, kwa hiyo hakuja na sampuli. Amekuja na kitabu cha wodi na orodha yake, ili tukae tulinganishe, pengine yeye ndiye anayekosea. Hivyo ndivyo alivyosema, pengine yeye ndiye anayekosea. Nikamwagizia chai. Moyoni nikasema nitammaliza kwa dakika kumi, kisha nimtafutie usafiri wa kurudi.

Tukaweka orodha yake ya kijani upande huu, yangu ya kompyuta upande huu. Yeye anasoma, mimi natia tiki. Moja mpaka ishirini na tano, sawa. Ishirini na sita, sawa. Ishirini na saba, mtoto wa fulani, sawa. Ishirini na nane akasoma jina la mama lilelile.

"Huyo nimeshamtia tiki," nikasema.

"Hapana, dada. Ni mwenzake. Hao ni pacha." Akaninyooshea kitabu cha wodi, mistari miwili imefuatana, jina moja la mama, saa za kuzaliwa zimepishana dakika kumi na tano. "Niliandika kwenye fomu."

Nilisimama nikaenda kwenye kabati la mafaili. Nilijua ninachokwenda kukikuta. Nikaitoa ile fomu, nikaisogeza dirishani. Pembeni juu, upande wa kulia, kuna muhuri wangu mwekundu, umekaa vizuri, umenyooka. Chini ya muhuri kuna mwandiko mdogo wa kijani. Nikaigeuza kidogo kwenye mwanga. Pacha wa pili.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza, na sauti yenyewe ilikuwa bado ya kugomba, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia nina ishirini na tisa. Ukaniambia nikajifunze kuhesabu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza tu. "Nikadhani labda kuna mgonjwa mwingine niliyemleta mara mbili bila kujua. Nilirudia kuhesabu mara nyingi, dada. Nikajiambia, huko ndiko taifa, wataniona nabishana."

Kwa hiyo thelathini ilitimia tarehe tisa Aprili. Ujumbe wake ulikuwa sahihi. Ile siku nilipomwandikia kwa herufi kubwa, Mkuu angesaini jioni hiyohiyo, na stoo ingefunguliwa. Leo ni siku ya thelathini na nane. Msimu mzima nimegombana na mvua, na daraja, na mabasi, na Mkuu, na huyu mtu mwenye matope, na kitu chenyewe kilikuwa kwenye kabati langu, hatua tano kutoka kitini kwangu.

Nikamuuliza hao pacha wako wapi. Nilihitaji kujua, ingawa niliogopa. Akasema mkubwa alipona, yuko nyumbani, mama yake humleta kliniki. Mdogo alifariki tarehe kumi na sita Machi, kabla hata kifurushi hakijanifikia.

"Walikuwa hawajampa jina," akasema. "Kule kwetu hakuna karatasi nyingine iliyomwandika, ila kitabu hiki na fomu yako."

Nikamuuliza wangapi tangu tarehe tisa Aprili. Akafunga kitabu taratibu, akaweka kiganja juu yake. Akasema hilo nisimuulize leo.

18 Mei

Nimeingia kwa Mkuu saa mbili kamili na waraka umeshachapwa. Kijani alikaa nje kwenye benchi, nilimkatalia kuingia kwa sababu sikutaka lawama zimwangukie yeye. Mkuu akasoma aya ya kwanza, akafurahi. Akasoma ya pili, ambako nimeandika kwamba takwimu zilitimia tarehe tisa Aprili na zikacheleweshwa kwa kosa la maabara ya taifa, kosa langu, na jinsi lilivyotokea. Furaha ikamtoka.

Akasema aya ya pili iondoke. Niseme sampuli ya mwisho ilichelewa njiani kwa sababu ya mvua, nani atahoji, mvua kila mtu ameziona. Akasema nikiandika hivi vituo vyote kumi na viwili vitaanza kuhoji kila namba tuliyowahi kutoa, na wenye fedha watatuuliza tulikuwa tunafanya nini. Hakuwa anajilinda yeye tu, alikuwa ananilinda na mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia wahoji. Nikamwambia jana nimekaa na kompyuta mpaka ofisi zilipofungwa nikitafuta wengine, watoto wachanga waliofutwa na kanuni yangu kwa miaka mitatu, mama mmoja, tarehe moja. Nimekuta wanane. Sijui wangapi ni marudio kweli na wangapi ni pacha, na sitajua mpaka nivipigie simu vituo vyote nikiri kwamba nauliza kwa sababu nilikosea.

Akavaa miwani. Kisha akasaini, aya zote mbili. Akasema barua ya kunihoji itakuja, nisishangae nikiipata. Nikamwambia nitaijibu kwa wino wa kijani. Hakucheka, lakini alichukua simu akaomba gari la ofisi limrudishe Kijani na waraka wake mpaka darajani.

Pale mlangoni nilitaka kumwomba Kijani radhi. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yakatoka mawili tu, "Nisamehe, kaka." Akasema tumesameheana, ila chupa nisisahau.

21 Mei

Ujumbe: "Waraka umefika. Stoo imefunguliwa saa saba mchana."

24 Mei

Barua ya kunihoji imefika. Kurasa mbili. Wamekosea tarehe.

29 Mei

Nimempigia Kijani, nikamwambia leo niambie.

Tangu tarehe tisa Aprili mpaka stoo ilipofunguliwa, watoto kumi na wanne wa wodi ile walichomwa sindano ya kwanza. Sita hawakurudi nyumbani. Akaongeza harakaraka kwamba labda baadhi yao wangefariki hata hivyo, wengine walizaliwa kabla ya wakati, hatuwezi kujua. Ni kweli, hatuwezi kujua. Ni sentensi ninayoiandika kila mwaka kwenye ripoti, mwishoni, kwa herufi ndogo. Leo nimeisikia ikisemwa kwangu, na haikunisaidia kitu.

2 Juni

Mvua zimepungua. Mtu amemwaga ndoo, sijui nani.

Nimemaliza simu za vituo. Kati ya wale wanane, watano ni pacha. Nimewarudisha mmoja mmoja kwenye hesabu kwa mkono wangu. Nimeiondoa kanuni kwenye kompyuta, na kuanzia sasa hakuna fomu ya mtoto mchanga itakayofutwa kabla watu wawili hawajaisoma yote, pembeni hadi pembeni. Muhuri nimemkabidhi Mkuu aufungie kwenye droo yake.

Nimeomba pia fomu iongezwe kisanduku kimoja: pacha, ndiyo au hapana. Mkuu kakubali. Lakini fomu za mwaka huu zimeshachapwa, elfu tano, ziko kwenye maboksi ukumbini, na hazitachapwa nyingine mpaka zile ziishe. Sasa elfu tano zitaisha lini? Nikamwambia nitachora mwenyewe. Akadhani natania.

12 Juni

Boksi la kwanza nimeliletea nyumbani. Baada ya chakula nilipangusa meza, nikazipanga fomu, nikachukua rula na kalamu. Mume wangu akaniuliza kazi tena mezani? Nikamwambia ndiyo, mezani. Akavuta kiti, akachukua fungu lake. Mwalimu anachora mistari iliyonyooka kuliko yangu, lazima nikubali. Tulichora kimya kimya mpaka fomu mia mbili hivi.

Mama mkwe alikuwa anatuangalia kutoka kwenye kochi. Akauliza hicho kisanduku ni cha nini. Na mimi, ambaye nimemchosha mama huyu kwa mihadhara ya vidonge, nilimweleza kwa mara ya kwanza bila kumfundisha. Nikamweleza habari za pacha wawili na muhuri mmoja, na Kijani, na siku thelathini na nane, na watoto sita. Mume wangu aliacha kuchora. Hakuwa anajua, yote yalikuwa humu daftarini kama alivyotaka mwenyewe.

Mama mkwe alijiinua kidogo kwenye kochi. Kisha akaniuliza, "Huyo mdogo, alikuwa wa kike au wa kiume?"

Sikujua. Miezi mitatu na mtoto huyu na sikujua. Nikafungua daftari hili nilikochomeka nakala za zile fomu mbili za tarehe kumi na tisa Machi, nikazilaza mezani pamoja. Kipo kisanduku cha jinsia, mstari wa tatu, kimekuwepo tangu fomu hizi zianze kuchapwa. Kwenye ya kwanza Kijani ametia alama ya kiume. Kwenye ya pili, mbali kabisa na muhuri wangu, safi, haijaguswa na kitu, ametia alama ya kike.

"Wa kike," nikamwambia.

Mama mkwe alisogea mezani, akaomba rula.